Mawe Matatu Chini ya Chungu cha Hindba

3 Machi 2007

Mama yangu mpenzi,

...na wala sijakonda! Huyu Hadi wangu, nilipomsomea swali lako, eti huku kijijini wananilisha, alicheka mpaka akapaliwa. Naubusu mkono wako. Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima, na nina furaha mpaka naogopa kuitaja kwa sauti.

Jana mume wangu (napenda mno kuliandika neno hili!) alinikuta nakatakata hindba, yale majani ya porini, akasema, "Hata mboga chungu ikipita mikononi mwako inakuwa asali." Mama yake akadakia kutoka barazani, "Basi aikamue vizuri, asali yake inavuja maji!" Maana ukishaichemsha lazima uikamue viganjani, ndipo uikaange kwa vitunguu na mafuta ya zeituni. Mama Hadi huichuma mwenyewe kila alfajiri karibu na ukuta wa shamba la zeituni, ingawa macho yake yana ukungu.

Anasema hindba ya jiko la gesi haina ladha. Basi nikamjengea jiko la kuni uani! Niliokota mawe matatu mazuri, kila moja limepakwa rangi nyekundu upande mmoja na nyeupe upande wa pili, pale ukuta huo unapoishia. Mume wangu alinikataza kuvuka pale kwa sababu ya vita vya mwaka jana. Sikuvuka, nilinyoosha mkono tu. Sasa masizi yameyafunika, hata Hadi hajayatambua. Ila mchana husikika vishindo kwa mbali, nami hushtuka nikadondosha vijiko.

Binti yako,
Ghinwa

8 Machi 2007

Ghinwa mwanangu,

Salamu nyingi, magoti yana nafuu, mengine baadaye. Simu ya Hadi haipatikani tangu asubuhi, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa gari la mikate akukabidhi mkononi.

Kaka yako Wajdi amekuja likizo kutoka jeshini. Nilimsomea barua yako nikijisifu. Akaweka kijiko chini. "Mama, mawe hayo tunayapaka sisi. Upande mweupe ni wa kupita. Mbele ya upande mwekundu kuna mabomu madogo ambayo hayajalipuka."

Umeng'oa mpaka, mwanangu. Huyo mama mwenye macho ya ukungu sasa atajuaje pa kuishia? Mzuie asiende kuchuma! Wala usiyarudishe mawe mwenyewe, hujui yalikaa wapi hasa. Waite askari. Niandikie, hata mstari mmoja.

Mama yako

10 Machi 2007

Ghinwa,

U mzima? Dereva anasema uliisoma barua ukiwa umesimama, kisha ukakimbia bila kumuaga. Alipokuwa njiani kurudi akasikia kishindo upande wa kwenu. Sijala tangu aniambie. Wajdi anapiga simu, kimya. Andika, mwanangu, andika.

Mama yako

12 Machi 2007

Mama,

Tu hai, sote. Samahani kwa mwandiko. Salamu kwako na kwa Wajdi, Mungu amlinde.

Nilimkuta Mama Hadi ng'ambo ya ukuta, ameinama, beseni limejaa nusu.

"Mama, simama! Usiinue mguu!"

"Kwani kuna nyoka?"

"Nimeyatoa mawe mekundu. Ndiyo ya jiko. Ni mimi, Mama."

Alijinyoosha, akaliweka beseni kichwani. Kisha, bila kusogeza unyayo, akasema, "Kamwite Hadi. Na ukome kulia, utanitetemesha."

Jua lilikuwa limepanda askari walioitwa na Hadi walipomfikia, wakitambaa na kupapasa udongo. Alikuwa bado amesimama, beseni kichwani, akiwafokea, "Taratibu, mnaiponda hindba yangu!" Kitu walichokikuta karibu na kisigino chake walikilipua baadaye. Hicho ndicho kishindo alichokisikia dereva.

Hadi hakunisemesha siku nzima. Nilijua nitarudishwa kwenu. Jioni mama yake akaichemsha ile hindba, akanisogezea sufuria. "Kamua." Nikakamua mpaka vidole vikauma. Akamwagia vitunguu vilivyokaangwa vikawa vyeusi, akakamulia limau, tukakaa kula. Hadi akamega mkate, akachota, akanitia tonge kinywani. Mama, sijawahi kula kitu kichungu na kitamu namna ile. Nilitafuna huku nalia, na Mama Hadi akasema, "Chumvi imetosha, sasa."

Anataka kumbusu Wajdi kichwani yeye mwenyewe, kumshukuru. Utupokee sebuleni, tafadhali, si bustanini. Sote watatu bado tunaogopa kukanyaga majani, lakini tutakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Binti yako,
Ghinwa