Nilivyomnywesha Shiro Siku ya Kipimo

Jumatatu jioni. Baridi, mawingu yameilalia Komarock, na ndani ya nyumba tuko wawili: mimi na redio.

Jana kulikuwa na mtu. Shiro, binti wa dadangu, ana miaka minane na mawe kwenye figo. Jiwe moja lilipotoka, alilia mpaka majirani wakaja mlangoni. Sasa daktari anataka kujua mwili wake unayatengeneza vipi, kwa hivyo mkojo wote wa mchana na usiku ukusanywe kwenye galoni moja. Mamake hufungua duka hata Jumapili, na kwao Pipeline choo wanagawana na gorofa nzima. Nikamwambia mlete kwangu, mimi choo changu ni cha ndani. Hilo nililisema mara kadhaa.

"Ale na anywe kama kawaida yake tu, kaka," dadangu aliniagiza.

Kawaida? Kwa mtu kama mimi? Nilinunua tikiti maji zima, nikamjazia maji gilasi baada ya gilasi. Nikamhadithia nilivyochimba kisima Kangundo mpaka nikasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakisalimiana.

"Walisema nini, Anko?"

"Niaje."

Alicheka hadi akakimbilia choo. Galoni ilizidi kujaa, nami nikaona fahari kama mtu anayekamua ng'ombe wake.

Leo asubuhi nimeipeleka hospitali mwenyewe. Daktari akaitazama sana. "Huyu hunywa maji hivi kila siku?"

"Kila siku, daktari! Ukoo wetu ni wa maji."

Uongo.

Kwao maji ni ya kununua. Shiro hunywa kikombe asubuhi, kingine jioni, basi. Mchana kutwa nimekaa na hilo: kipimo kitasoma maji yangu, si maisha ya mtoto. Wataambiwa yuko sawa, na jiwe lingine litamkuta hivyo hivyo.

Nikinyamaza, dadangu ataendelea kuniamini na kumleta hapa Jumapili. Nikisema, hataletwa tena.

Nimempigia dadangu. Nikamweleza yote: tikiti, maji, na uongo.

"Kaka, wewe na huo mdomo! Nitamwambia daktari kipimo kirudiwe. Lakini si kwako."

Nikajibu, "Sawa." Sikuongeza neno, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Mtoto atapimwa vizuri. Hilo ndilo la maana.

Lakini Jumapili nitamhadithia nani?