Uso Unaoambuka

Jumapili, 5 Oktoba
Nimefua ukumbini, si uani. Daktari amekataza jua. Juzi kule Mombasa alinipaka dawa ya kuambua ngozi. Ilikaa usoni dakika chache tu, ikawasha kama pilipili. Nilikamata kiti, nikavumilia. Leo ngozi imekaza kama ngoma. Sijuti.

Jumanne, 7 Oktoba
Kandokando ya mdomo pameanza kubanduka. Peusi kuliko jana. Nilionywa: utatisha kwanza, ndipo utulie. Na usibandue kwa kucha. Nimeikalia mikono.
Wifi yangu Mwanaisha, dadake mume wangu, kaingia bila hodi. "Uliharibu uso kwa krimu, sasa wauambua kama muhogo. Wataka kuwa mzungu?"
Nimemwambia sitaki weupe. Nataka madoa ya krimu yatoke, nirudie rangi niliyozaliwa nayo. Kacheka. Miaka minane nilijipaka krimu zile za kujichubua kwa sababu yeye na wenzake waliniita chungu cha masizi. Hilo halikumbuki.

Jumatano, 8 Oktoba
Nina hasira. Mwanaisha kanunua dawa ya kuambua kwa mchuuzi. Chupa haina hata jina. Kesho atampaka bintiye Rukia, ang'ae harusini kwake Jumamosi. Rukia! Ngozi kama tende mbivu, haina doa. Na siku mbili zitatosha nini? Mimi siku ya tano, bado natoka magamba.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimekwenda kwa Mwanaisha. Mwavuli juu, nikabu ya ninja usoni. Ukumbi umejaa wanawake wa hina. Nikafunua uso mbele yao wote.
Bibi mmoja akasema audhubillahi.
"Nitizameni vizuri," nikasema. "Hii ni kazi ya daktari, tena dawa hafifu. Ile ya chupa si mai ya waridi. Ikimchoma Rukia, nani atamrudishia uso?"
"Toka nyumbani kwangu," Mwanaisha akasema.
Sikutoka.
Rukia akainuka, akaichukua chupa, akaimwaga chooni. "Mama, mimi sipakwi." Basi. Mwanaisha kaninunia. Na aninunie.

Jumamosi, 11 Oktoba
Harusini nimekaa safu ya mbele. Shavu moja jipya, la pili magamba. Walionitazama nikawatazama. Vigelegele nimepiga mpaka koo limekauka.

Jumapili, 19 Oktoba
Magamba yamekwisha. Ngozi laini. Madoa yamefifia, hayajaondoka. Shavu la kushoto bado. Daktari alisema huenda nikarudi tena na tena. Sawa.
Asubuhi nilikuwa nachagua mchele. Mwanaisha kaja, safari hii kapiga hodi. Kakaa. Kateremsha mtandio. Shingo yote mabaka meusi, ya krimu zile zile.
"Daktari wako," kauliza, "hupatikana siku gani?"
Sikumcheka. Nimemwambia Ijumaa. Nimemsogezea ungo, tukachagua mchele mpaka adhana ya adhuhuri.