Mvua Ilipopita na Mlima Ukabaki

Mjukuu wangu Wakesho,

Nakusalimu kutoka huku kwenye mashamba ya mkonge, Voi. Mgongo unalalamika, lakini nakula vizuri. Nyanya yako amepiga simu kutoka nyumbani, Werugha mlimani, kusema ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza kwa nini watu hawawasikilizi, wewe na wenzako wa kazini, mkiwaeleza hatari ya maporomoko ya ardhi. Nilipokuwa kijana, mtaalamu wa ardhi alikuja kijijini kwetu akatuambia kwamba mvua zikizidi, mteremko wetu huenda ukaporomoka.

Mama akamuuliza, "Utaanguka au hautaanguka?"

"Sijui, mama. Huenda."

Watu wakacheka, wakaenda zao.

Kesho yake alirudi, akaketi jikoni kwetu. Bado alisema hajui. Ila sasa aliuliza mama anaogopa nini akihama.

"Ng'ombe wangu. Atakamwa na nani?"

Basi yeye na mama wakamtafutia ng'ombe zizi kwa shangazi, ng'ambo ya pili ya bonde. Mama akamfuata ng'ombe, sisi tukamfuata mama.

Mvua ilinyesha sana, na mlima haukuanguka. Tuliporudi, majirani wakamtania, "Mama Mwakio, ulikuwa unakimbia nini?"

"Ninyi mlikesha mkisikiliza mlima," akajibu. "Mimi nililala."

Babu yako,
Mwakio