Ile N Niliyoimeza

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi sana. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na shemeji na mwanenu, yule mvunja vikombe. Kifua chako kimepoa? Ulisema baridi ya huko inaingia hadi kwenye mifupa. Vaa soksi mbili na uache ubishi, maana ubishi wa familia hii naujua, mimi ndiye fundi wake mkuu.

Sisi huku. Nimeshika kalamu tangu tulipomaliza kula mchana, natafuta neno la kuweka baada ya hapo, na lile la siku zote limenikwama kooni. Nitakueleza sababu, ila nivumilie kidogo nianze na habari nyepesi.

Mama anaendelea. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi za mlangoni, na macho yamepungua nguvu, kwa hiyo barua zako namsomea mimi. Paa la jikoni bado linavuja palepale, tumeshazoea, tunaweka ndoo. Jirani yetu fundi cherehani amekushonea gauni kwa vipimo vyako vya zamani, anasema kama umenenepa utajijua mwenyewe.

Habari isiyo nyepesi ni kwamba Mama amemkasirikia kaka yako. Ndiyo, amemkasirikia marehemu. Tangu ile ripoti ya uchunguzi iliposomwa hapa sebuleni, kwamba kifo kilitokana na uzembe wa mfanyakazi kutokagua betri ya redio yake kabla ya kushuka, ameigeuza picha yake ikatazama ukuta. Jina lake halitaji tena. Humwita "yule aliyesahau". Anasema amemzaa, amemlea, amemsomesha, kisha mtu anakufa kwa kusahau! Mimi huwa naendelea kuosha vyombo.

Na wewe umeniuliza katika barua yako, ukapiga na mstari chini: iliwezekanaje mtu kama Taratibu kusahau? Tangu utotoni tulimwita hivyo kwa sababu ya kukagua kila kitu. Alikuwa akifunga mlango, anakwenda hatua kumi, anarudi kuusukuma aone kama umefungika kweli. Jibu ni kwamba hakusahau. Nilipaswa kukuandikia hivi miezi mitatu iliyopita.

Kazi yangu unaijua, mtunza stoo wa idara ya maji. Nagawa mabuti, kofia, tochi na redio za upepo kwa wanaoshuka kwenye mahandaki ya maji ya mvua chini ya mji. Redio ndiyo roho ya anayeshuka. Maji yakizidi kule bwawani, mtu wa lango hunipigia simu stoo kabla ya kuyafungulia, nami humwita aliye chini atoke upesi. Betri ikijaa vizuri inakaa saa nane, zamu nzima, bila wasiwasi. Isipojaa umebeba kipande cha plastiki.

Mwaka jana niliandika kibandiko cha rafu ya kuchajia ili betri nzuri zisichanganyike na mbovu. Nikaandika BETRI kwenye utepe wa juu, na ZIMA kwenye utepe wa chini. Taratibu alipokisoma alicheka mpaka akashika mlango. Akasema, Dada, ni betri nzima, hiyo N umeimeza? Iongeze kabla haijayeyuka tumboni. Nikamwambia aende akafundishe shule, kwani hapa stoo nani asiyeelewa? Ikawa ndio utani wetu. Kila asubuhi akija kuchukua redio alikuwa akiniuliza kama N imeshatoka.

Kisha joto la chaja likalegeza gundi na utepe wa juu ukabanduka. Likabaki neno ZIMA peke yake, na chini yake hasa ndipo ilipo swichi ya ukutani ya chaja zote. Niliona. Nilisema nitabandika kesho, na hiyo kesho ikafika wiki mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, methali hiyo niliiandika mara hamsini ubaoni kwa adhabu nikiwa darasa la nne, na bado haikuniingia.

Ijumaa moja akaanza kazi mlinzi mpya wa mwisho wa wiki, mtu mnyofu wa kufuata kila anachoelekezwa. Jioni akizunguka kufunga milango akaona limeandikwa ZIMA juu ya swichi. Akazima. Baadaye aliniambia kwamba alijisikia vizuri kidogo, kwa kuwa wote tulilipuuza tangazo na yeye peke yake ndiye aliyeliheshimu. Mlaumu ukiweza. Mimi siwezi.

Jumatatu asubuhi nilikuta swichi imezimwa, na betri zilizotumika Ijumaa kutwa zimelala siku mbili bila chaji. Nikawasha. Nusu saa baadaye Taratibu akaja kuchukua redio yake. Ningemwambia asubiri, lakini msimamizi alikuwa ameshamwita mara mbili kutoka uani, na mimi nilikuwa nimeinamia daftari la mabuti. Akaigeuza ile redio mkononi kama kawaida yake.

"Dada, hii nzima?"

"Nzima," nikasema. Sikuinua macho.

Soma tena hapo, mdogo wangu. Aliuliza. Redio zetu ni za zamani, hazina alama ya kuonyesha chaji imebaki kiasi gani, na ukaguzi wenyewe ni huo wa kumuuliza mtunza stoo. Yeye alikagua kama inavyotakiwa. Mzembe ni aliyemjibu.

Saa mbili na nusu akaniita kutoka chini. "Dada, hii nzima yako inalia kama kifaranga." Ni ule mlio wa betri inayoisha. Alikuwa ameshapita kona ya tatu, amebakiza kusafisha chujio moja. Nilipaswa kumwambia arudi. Lakini angerudi angeniuliza mbele ya watu, na ingejulikana kwamba nilimjibu bila kujua. Niliona aibu, basi, hakuna sababu nyingine. Kwa hiyo nikamwambia azime ili isimalizike, awe anawasha kila baada ya robo saa nimsikie.

"Haya, nazima," akasema. Ndilo neno lake la mwisho, na nilimpa mimi.

Dakika nne baadaye simu ya lango ikalia. Maji ya juu yalikuwa yamepanda ghafla na lango lilikuwa linafunguliwa. Nikamwita. Nikamwita tena na tena, mpaka wenzangu wakaja kuninyang'anya redio nikaikatalia. Mwenzake aliyebaki mdomoni mwa handaki alipiga kelele hadi sauti ikakauka, lakini sauti ya mtu haipiti kona ya pili. Maji yalimfikia dakika ya kumi na mbili tangu azime. Aliambiwa robo saa, na unamjua kaka yako, alikuwa anangoja robo saa kamili huku akitazama saa yake. Angekuwa mzembe kweli angewasha mapema, na tungekuwa naye leo.

Nilikwenda kwa mhandisi mkuu nikamwekea ule utepe wa ZIMA mezani. Alinisikiliza mpaka mwisho, ni mtu mwema. Kisha akasema ripoti imeshapigwa muhuri na faili limefungwa, na likifunguliwa tena wa kwanza kufukuzwa ni mlinzi. Akaniambia nikapumzike. Akanirudishia utepe wangu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha thamani. Nimeutia katika bahasha hii. Ukiugusa pembeni utaona gundi bado inanata.

Stoo nimeandika kibandiko kipya, herufi kubwa, BETRI NZIMA, na N nimeikoleza kwa wino mara tatu. Kimependeza sana. Hakuna tena anayeniuliza habari zake.

Kwa Mama sijasema. Mara tatu nimeketi kitandani kwake nikiwa nimejiandaa, na mara tatu nimeishia kumkanda magoti. Amebaki na mimi tu humu ndani. Nikimwambia, atampata tena mwanawe aliyekufa na kumpoteza binti aliye hai. Nisipomwambia, atakufa na hasira dhidi ya mtoto asiye na kosa. Nimepima huku na kule, kote ni shimo. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi hata mtoto sikujaliwa, lakini huyo mjukuu amefika, amekaa mapajani na hashuki.

Sikuombi msamaha, usijisumbue kuutafuta. Ukitaka kumwambia Mama kwa simu, sitakuzuia. Ukishindwa, nitakuelewa kuliko mtu yeyote. Nataka tu mtu mmoja wa damu yetu ajue kwamba aliuliza.

Nisalimie shemeji, na mvunja vikombe mbusu mashavu yote mawili. Fundi cherehani anakusalimu, na msimamizi wa idara ambaye hukuulizia kila mara naye amesema nisisahau kumtaja. Mungu akutunze huko uliko, akupe watu wa kukujibu kweli unapowauliza.

Nilitaka kufunga barua hapo, lakini Mama amekuja akipapasa ukuta, akasimama nyuma ya kiti changu. Ameuliza kama nimekuandikia kwamba sisi huku tu wazima.

"Nimeandika, Mama," nimemjibu. Sikuinua macho.

Wako akupendaye, hata kama utaacha kunipenda,

Dada yako.