Wimbo Alioacha Jacqueline Kando ya Lualaba

Alunguli, Kindu
Tarehe 14 Septemba 2023

Mpendwa mudogo wangu Kabedi,

Jambo sana. Huko Likasi mumeamkaje? Mguu wako umepona? Na watoto ni wazima? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mvua imeanza mapema.

Ile simfoni niliyoianza porini, muziki mkubwa wa okestra nzima, imefika sehemu ya tatu: ndege wa asubuhi mvua inapokatika. Unakumbuka mwaka wa 2002, tulipokimbia vita tukajificha upande wa Lokandu. Jacqueline, bibi niliyemwoa, alinishika mkono ndege walipoanza kulia, akasema, "Sikiliza hii, uandike." Nikaandika nyuma ya karatasi za kituo cha gari la moshi.

Jumamosi tulifanya mazoezi kanisani. Falonne, yule muuguzi anayepiga filimbi, ndiye aliyepaswa kuanza wale ndege, peke yake. Nikampa ishara. Kimya. Nikamwuliza, "Falonne, mbona haupige?"

Akaitoa filimbi mdomoni. "Papa, niko napiga tangu ulipoinua mukono."

Wengine wote walitazama chini.

Daktari anasema masikio yangu yanakufa. Sauti nyembamba zimetangulia, nene zitafuata, na dawa hakuna. Kabedi, nililia kama mutoto. Miaka ishirini na moja ya kazi, na ndege wangu siwasikii.

Imebaki sehemu ya nne, mto Lualaba, na hapo nimekwama kabisa. Siku Jacqueline alipofariki kwa homa kule porini, mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta muhogo. Wewe ulibaki naye kando ya maji. Uliniambia tu kwamba aliimba akifuatisha sauti ya mto, mpaka mwisho. Aliimba nini, sijakuuliza hata siku moja. Niliona haya kwamba sikuwapo.

Leo nakuuliza. Usijaribu kuniandikia. Njoo mwenyewe, kwa gari la moshi au kwa usafiri wowote utakaoupata, uniimbie sikioni. Sauti yako ni nene, hiyo bado naisikia. Falonne ataandika nota. Lakini usikawie, mudogo wangu, kila juma napoteza kitu.

Nisalimie shemeji Mulamba, pamoja na Christelle na Joël. Mama Onema, jirani yetu, anakuulizia kila siku. Mungu akufungulie njia na akulinde safarini.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukungojea,

Lukusa