Shina Lenye Uzi Mwekundu

Kanyenye, Tabora
Jumapili, Oktoba 1974

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Ulipopanda gari na Mjomba kwenda kijiji kipya cha ujamaa, niliahidi kukuandikia yote, nisifiche hata jani moja. Basi naanza na bustani yako ya uani.

Mrehani hajambo. Kila Ijumaa namkata vichwa kama tulivyokuwa tukifanya pamoja, nawe ukiniambia, "Mkate mapema. Akishajiona bibi harusi, hatupi majani tena." Nilikuwa nacheka mpaka naangusha kikapu.

Lakini giligilani imenishinda. Joto la mwaka huu lilipoanza ilirefuka ghafla, majani yakawa membamba kama nyuzi. Nilikata vichwa, vikarudi. Mama akaniambia niing'oe yote tupande mchicha, maana msitu wa mama yake haufai tena mchuzini na utatuletea nyuki. Hapo nikakumbuka uzi mwekundu uliokuwa ukiufunga kila mwaka kwenye shina moja, ukatukataza kuligusa. Sikuwahi kukuuliza sababu. Nikatafuta uzi kwenye kikapu chako cha kushonea, nikafunga shina moja, nikamsihi Mama aniachie hilo tu. Akakubali shingo upande.

Bibi, sikujua. Maua yalitoka meupe, madogo sana, yamejipanga kama kitambaa cha kufuma. Nyuki walikuja kweli, wakafanya kazi yao bila kumgusa mtu. Kisha maua yakageuka punje za mviringo. Ulisema bibi yako alizifunga mbegu hizi kwenye pindo la kaniki, akatembea nazo na msafara kutoka pwani mpaka hapa. Nilidhani ni hadithi ya kunilaza. Sasa niliposhika punje moja kiganjani nilisimama pale pale mpaka Mama akaniita mara ya pili, chai yangu imeshapoa.

Jana Mama naye alitafuna moja, ikiwa bado mbichi. Akakaa kizingitini. Baadaye akasema, "Huyu ni mama yangu kabisa." Hajautaja mchicha tena.

Sasa mbegu zinaanza kukauka. Mjomba ameandika kwamba huko umepewa kiwanja na kwamba udongo ni mzuri. Mama hataki nikuulize, lakini niliahidi kusema yote. Bibi, mbegu hizi nikutumie huko, au nikuwekee hapa uje uzipande mwenyewe?

Mjukuu wako wa uani,
Mwajuma