Alichagua Rangi, Hakuchagua Kioo

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: mwanamke, miaka 51
Kazi: fundi wa kukata lenzi, duka la miwani
Makazi: vyumba viwili nyuma ya soko la mbao
Yameandikwa: tarehe 19 Machi, saa 5.40 asubuhi

"Mteja alichagua mwenyewe." Nimeambiwa kwamba mwenye duka, bosi wangu, aliandikisha hivyo hapa kituoni jana. Ni uongo, na naomba neno hilo liandikwe kama nilivyolitamka.

Mnamo tarehe 6 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alikuja dukani mchonga mawe wa machimbo ya mawe meupe. Alitaka miwani ya jua ya kazini. Alitoa mfukoni kipande cha jiwe, akakiweka kizingitini juani, akakitazama kupitia rangi moja baada ya nyingine. Nyeusi aliikataa: "Dada, hii inanifichia nyufa." Akachukua kahawia. Nilimweleza kwamba giza la lenzi peke yake halikingi jicho. Miale inayounguza huzuiwa na utando maalumu. Alisikiliza kuliko wasomi wengi niliowahudumia.

Kisha akauliza: "Na chembe za jiwe zikiruka, haipasuki?"

Bosi akawahi kabla sijajibu. Alichukua msumari, akaikwaruza lenzi mbele yake. "Unaona alama? Hakuna! Hii utamrithisha mjukuu, kaka."

Hapo ndipo alipodanganywa, maana lenzi ile ilikuwa ya kioo. Plastiki ngumu ingechubuka kwa msumari, lakini isingepasuka. Kioo hakichubuki, lakini kikipigwa kinapasuka na kuwa nyembe. Bosi anajua hivyo kama ninavyojua mimi. Nilimfuata chumba cha nyuma nikamwambia mchonga mawe havalishwi kioo. Akasema: "Mama, kioo kimejaa kabatini, nikile? Wewe kata lenzi, usinikatie maneno."

Nikakata. Kwa mikono hii. Nimesoma vitabu vingi maishani, na siku ile havikunipa ulimi. Mchonga mawe alipokuja kuichukua miwani alijitazama kwenye kioo cha ukutani, akacheka: "Leo mimi bwana harusi!" Wiki hiyohiyo wenzake kumi na mmoja wakaagiza kama yake. Nazo nikazikata.

Tarehe 17, saa tatu asubuhi, mkewe aliingia na fremu mkononi, upande wa kushoto mtupu. Daktari amesema jicho la kushoto la mumewe, lililoingiwa na vipande vya kioo, halitaona tena. Aliiweka mezani akauliza polepole: "Hii ndiyo ya mjukuu?"

Bosi akajibu: "Pole, shemeji, lakini alichagua mwenyewe."

Alichagua rangi, tena kwa uangalifu ambao sisi hatukuwa nao. Kioo alichaguliwa na bosi. Plastiki ngumu ilikuwa kwenye droo ya pili, na droo haikufunguliwa.

Afande, miwani kumi na moja iko usoni mwa watu sasa hivi, na nyundo zinapiga. Weka kalamu chini, piga simu machimboni. Nanyi wachonga mawe, mtakaposomewa haya: ivueni, muilete hapa kituoni, msimrudishie bosi hata moja. Nitaitambua yote, niliikata mimi.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya. Nimesomewa, sipunguzi neno.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Shahidi alikataa kutia sahihi kabla sijapiga simu. Msimamizi wa machimbo alipokea saa 6.25 mchana. Nyundo zilisikika kwenye simu, kisha zikanyamaza. Ndipo akatia sahihi.